Hewa Haina Mwenyewe

Jovia Candia aliegesha pikapu ya kampuni mbele ya kituo cha redio mjini Koboko, akazima injini, kisha akabaki ameketi bila hamu ya kushuka. Ilikuwa mara yake ya nne mwezi huo kufuata tatizo lile lile. Lawrence, msimamizi wa mitambo ya kituo, alitokea mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na kabla hajafungua kinywa Jovia alishajua atasema nini.

"Karibu, fundi. Iko sawa."

"Najua iko sawa," Jovia akajibu, akivuta begi lake la vifaa. "Mimi nikija lazima iwe sawa. Kama mgonjwa anayepona akimwona daktari. Jana je?"

"Jana ilikata alasiri. Matangazo ya vifo yakiwa katikati."

Jovia akashusha pumzi. Kazi yenyewe, ukiieleza, ilikuwa nyepesi. Vipindi vya redio ile vilisomwa studio Arua. Kampuni ndogo ya mtandao aliyoifanyia kazi iliibeba sauti hiyo hewani, kutoka Arua hadi kwenye kilima kimoja Lurujo, na kutoka kilimani hadi kwenye mnara wa Koboko, ambako mtambo mkubwa uliisambaza kwa watu. Antena mbili za kilimani, moja ikitazama Arua na nyingine Koboko, basi. Kwa miaka mingi njia ile haikuwa na maneno. Sasa ilikuwa ikikatika karibu kila alasiri, ikirudi jioni kama mtu aliyekwenda matembezi, na asubuhi ukiipima ni nzima kabisa.

Mara ya kwanza Jovia alibadilisha kebo. Mara ya pili akabadilisha kifaa cha umeme. Mara ya tatu akapanda mnara mwenyewe, akashusha antena na kuweka mpya kutoka kwenye boksi, na siku mbili baadaye Lawrence akapiga simu: imekata tena. Bosi wake, Aliga, mtu aliyewahi kuuza simu na aliyeamini kila ugonjwa wa mtandao una dawa moja, alimwambia, "Ongeza nguvu. Sauti ikiwa dhaifu, si unapaza?" Jovia alijaribu kumweleza kwamba sauti haikuwa dhaifu. Aliga alikuwa ameshakata simu.

Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kompyuta yake juu ya meza ya Lawrence aliposikia mtu akibisha hodi kwa ukali wa mtu asiyesubiri kukaribishwa. Akaingia mwanamke wa makamo aliyejitanda kitenge cha kijani, viatu amevivua na kuvishika mkononi. Alimtazama Lawrence, akamtazama Jovia, akaziangalia na waya zilizotandazwa mezani.

"Mutu ya kushika sauti ni nani hapa?"

Lawrence, bila haya, akamnyooshea Jovia kidole.

"Mimi naitwa Rashida. Natoka Ludara," yule mama akasema. "Nakuja kuuliza. Ile siku ya Jumatano, mimi iko nasikiliza redio shambani. Mutu ya redio anasema, tunatangaza kifo cha Shakirah. Anataja baba yetu, anataja na ukoo. Mimi nasimama. Anasema, mazishi ni..." Akavihamishia viatu mkono wa pili. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kisha shhhh. Hivyo tu. Shhhh mpaka jua nashuka."

Lawrence akaweka kikombe chake mezani.

"Simu yangu ilikuwa dukani, iko nachajiwa. Duka iko mbali. Nilifika, duka imefungwa tayari. Asubuhi napanda gari kwenda Arua, nafika Onduparaka kwa dada, watu wanarudi makaburini. Dada yangu mmoja tu. Sisi Waislamu hatungoji mutu, mwanangu, wewe unajua. Sasa mimi nauliza: maneno yalienda wapi?"

Jovia alikuwa amesikia malalamiko mengi katika kazi hii. Watu walimtukana kwa sababu ya sinema zilizoganda, wengine barua zilizochelewa. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumfukuza ofisini kwa sababu mashine ya kuchapisha haikuwa na karatasi. Alikuwa na majibu yake, mafupi na ya adabu. Safari hii hakutumia hata moja.

"Pole sana, mama," akasema. "Sijui yalienda wapi. Ndiyo kazi iliyonileta."

"Mara ngapi umekuja?"

"Mara nne."

Rashida akatikisa kichwa, akatoka, akaketi barazani. Ilikuwa wazi kwamba hana mpango wa kwenda popote.

Aliga alipiga simu muda si mrefu. Alitaka Jovia arudi Arua mara moja. Shule moja haikuwa na mtandao na mwalimu mkuu alikuwa amekasirika.

"Siwezi," Jovia akasema. "Nitakaa mpaka alasiri. Kila mara nakuja asubuhi, naondoka kabla tatizo halijatokea. Nimekuwa mjinga. Lazima nilione kwa macho yangu."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Iko sawa?"

"Iko sawa sasa hivi, lakini..."

"Basi unasubiri nini? Jovia, wewe unapenda hii kazi kupita kiasi. Ongeza nguvu, urudi."

Jovia aliizima simu kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaitia begini. Kupenda kazi kupita kiasi! Kama angekuwa haipendi angekuwa ameshaiacha zamani. Mama yake alikuwa bado anamuuliza ni lini atatafuta kazi ya ofisini, ya kukaa kwenye kiti kama binti za watu. Na yeye mwenyewe, akitoka Arua alfajiri ile, alikuwa ameanza kuona mama ana maana.

Mchana ulienda polepole. Lawrence alileta mihogo na maharage. Jovia akampelekea Rashida sahani barazani; mama akala bila kumtazama, lakini alikula. Sauti ya mtangazaji wa Arua ilitoka kwenye kipaza sauti kidogo cha chumbani, safi kama maji ya chupa.

Ikakatika alasiri, katikati ya tangazo la mbegu.

Jovia aliinuka kama aliyechomwa. Safari hii hakugusa kebo wala kifaa cha umeme. Aliiamuru antena iache kusema, isikilize tu, na kwenye kioo cha kompyuta hewa ya Koboko ikajichora mistari. Palepale alipokuwa ametarajia kuona wimbi lao peke yake, palikuwa na jingine, limelilalia lao kama mgeni aliyejilaza kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Asubuhi halikuwepo. Hata adhuhuri halikuwepo.

"Kuna mtu," akasema.

"Mtu gani?" Lawrence akauliza.

"Kuna mtu anaongea juu yetu. Antena haijafa, wala kebo haijafa. Tunapigiwa kelele masikioni!" Na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alihisi ule msisimko wa zamani ukimpanda kifuani, wa mtu aliyesikia panya ndani ya ukuta na sasa ameuona mkia. Wiki tatu nzima za kudhaniwa mzembe, na jibu lilikuwa hapo, limejianika.

Akachomoa antena ndogo ya mkononi, akaiunganisha na kompyuta, akatoka nje. Barazani Rashida alishasimama na kuvaa viatu.

"Umepata?"

"Bado, mama. Namtafuta."

"Tunamtafuta," Rashida akasema.

Wakaondoka hivyo, Jovia akiwa ameikumbatia kompyuta kwa mkono mmoja na kuzungusha antena kwa mwingine, Rashida nyuma yake. Mstari ukipanda walinyoosha, ukishuka walirudi. Wakapita mafundi cherehani, wakapita vibanda vya simu, wakaingia uchochoro ambao haukuwa na pa kutokea wakageuka. Wauza vitenge wakauliza wanatafuta nini. "Mwizi," Rashida akawajibu, na wawili watatu wakaanza kuwafuata mpaka Jovia alipowasihi warudi dukani kwao.

Mstari ulifika kileleni mbele ya ukumbi wa kuonyeshea mpira, jina la Kamisi limeandikwa mlangoni. Ndani watu walikuwa wanapiga kelele. Mechi ya Ulaya ilikuwa imeanza. Juu ya bati, kwenye bomba la chuma, dishi jipya jeupe la mtandao lilitazama upande wa Lurujo. Jovia alilitazama, kisha akaitazama kebo iliyoteremka ukutani. Ilikuwa imefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kila kimoja kimezungushwa mara mbili na fundo limewekwa chini ili maji yasituame. Alimjua mtu mmoja tu aliyefunga kebo namna ile, maana ndiye aliyemfundisha na yeye kufunga hivyo.

"Taban," akasema kwa sauti ndogo.

Taban alikuwa juu ya paa, upande wa pili, akikaza nati. Aliinua kichwa, akamwona, na uso wake ukafanya mambo mawili kwa pamoja: ukafurahi, kisha ukajifunga.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu kampuni ina watu wanne. Njia ile ya Lurujo waliifungua wao wawili. Siku hiyo Jovia alikuwa kilimani na Taban mnarani Koboko, wakielekezana kwa simu, kushoto kidogo, umepita, rudi, rudi kiasi cha unywele, hapo hapo usipumue! Taa ya mwisho ilipowaka na kutulia, Jovia alikaa chini kwenye majani. Chini ya kilima mwanamke aliyekuwa akipalilia alikuwa na redio ndogo kiunoni, na kutoka kwenye redio ile ikapanda sauti ya mtangazaji aliyekuwa Arua, ikimsalimia mwanamke kwa lugha yake mwenyewe. Yule mwanamke akacheka peke yake shambani. Jovia hakuwahi kumweleza mtu ni kwa nini alilia siku ile. Taban hakuuliza, yeye mwenyewe alikuwa akipiga vigelegele mnarani kama shangazi wa bibi harusi. Miaka miwili iliyopita kampuni ilipopunguza watu, Taban alikuwa mmoja wa waliopunguzwa.

"Kumbe ni wewe," Jovia akasema. "Unajua umetukalia?"

"Nimekukalieni namna gani?"

"Unatumia njia yetu. Dishi hili likiwashwa redio inakufa. Wiki tatu sasa, Taban! Nimebadilisha kila kitu isipokuwa mnara."

Taban akashuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye suruali. "Njia yenu? Mliinunua lini? Masafa haya ni ya bure, dada. Mtu yeyote anasema. Hewa haina mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa unawaambia wateja hivyo."

"Sikusema tuliinunua. Nasema sisi tulitangulia."

"Na mimi nilitangulia pamoja na nyinyi. Kisha mkanitoa. Ulikuja kuuliza nitakula nini?"

Hakuwa yeye aliyemtoa, lakini ni kweli hakuuliza. Hasira aliyokuja nayo ilikosa pa kukaa.

"Naweza kuongeza nguvu," akasema hatimaye. "Aliga ndivyo anavyotaka. Nikiongeza, kioo cha Kamisi kitaganda sasa hivi, hawa watu wakuvunjie ngazi."

"Ongeza. Na mimi nitaongeza."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Tutaona nini? Tukipigiana kelele hakuna atakayesikika, unajua hivyo kuliko mimi!"

Walikuwa wanatazamana hivyo, kila mmoja ameshika kiuno, Rashida alipoingia katikati yao. Hakupaza sauti.

"Mimi sijui hewa yenu," alimwambia Taban. "Sijui nani ametangulia. Mimi nilisikia jina ya dada yangu kwa redio, na siku ya kuzika sikusikia. Wamezika bila mimi. Hii kitu yako juu ya bati, ndiyo ilikula ile maneno?"

Taban akamtazama Jovia. Jovia akatikisa kichwa kukubali.

"Sikujua, mama," Taban akasema. "Wallahi sikujua." Akalitazama dishi lake kwa muda, kama ndiyo kwanza analiona. Alipozungumza tena, alizungumza na Jovia, na ilikuwa sauti ya kazini. "Mko kwenye chaneli gani siku hizi?"

Jovia akamwambia.

"Haiwezekani. Mimi sikuweka hapo."

"Uliweka wapi?"

Taban akajikuna shingo. "Niliiacha ijichagulie."

"Taban! Wewe! Si ndiye uliyenipigia kelele mwezi mzima kwa kosa hilo hilo?"

"Nilikuwa peke yangu, Jovia. Wateja wananisukuma, sina wa kushika ngazi. Nikasema nitarudi kuipanga kesho."

Ikabidi wapange upya. Taban ataufungia mtambo wake mahali pamoja, Jovia atahamishia redio mbali nao. Lakini kwa kupanga ilibidi dishi la ukumbi lizimwe kidogo, na Kamisi, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, aliposikia hivyo alishika kichwa. Watu walishakaa, mechi ni sare. Jovia, ambaye alikuwa anaishi Onduparaka, mahali penye timu yake ya mpira, na alijua mashabiki wakinyimwa mpira hugeuka kuwa nini, hakubishana. Wakakubaliana wakati wa mapumziko.

Walikaa juu ya ukuta mfupi, kompyuta mbili magotini, wakisubiri refa wa nchi ya mbali apulize. Filimbi ilipolia Taban alizima, akapanga, akawasha. Upande wake ulirudi mara moja. Jovia akatuma amri kilimani, Lurujo: hamia huku. Kifaa cha kilimani kikapokea, kikajizima ili kiwake upya.

Hakikuwaka.

Kwenye kioo mstari wao ulipotea kabisa. Jovia akangoja. Simu ya Taban ikalia. Alikuwa Lawrence, ambaye Jovia alimwarifu kwa simu hiyo hiyo kabla ya mapumziko: sasa hata ule mkwaruzo haupo, na huko Arua mtangazaji ameshaanza kusoma matangazo ya vifo.

"Umeandika sawa?" Taban akauliza.

"Nimeandika sawa."

"Hebu nione."

"Nimeandika sawa!" Lakini hakuwa na hakika. Kama amekosea tarakimu moja, itabidi aendeshe gari hadi Lurujo na kupanda kilima kwa miguu, na huku nyuma jina la mtu linasomwa na hakuna anayesikia. Rashida alikuwa amesimama nyuma yao, akikitazama kioo. Ndani ya ukumbi watu walianza kurudi kwenye mabenchi.

"Subiri," Taban akasema. "Ile chaneli ni ya juu. Kule juu kifaa kinasikiliza hewa kwanza, kihakikishe hakuna rada, ndipo kiseme. Kinasikiliza tu. Usiguse."

"Kama sivyo?"

"Usiguse, Jovia."

Hakugusa. Alikunja ngumi, akazikalia. Na mstari ukainuka, mahali pake papya, peke yake, mwembamba na mrefu kama mti wa kalitusi, hakuna mtu karibu. Taban akapiga kigelegele kimoja, cha zamani, kisha akaona haya. Kutoka duka la jirani redio ilikohoa, ikasema katikati ya sentensi: "...siku ya kesho baada ya sala ya adhuhuri, nyumbani kwake. Ndugu walioko Ludara na Lurujo wapate habari hizi."

Hakuwa mtu waliyemjua. Rashida alisimama akasikiliza mpaka mwisho, jina moja baada ya jingine, mpaka muziki ulipopigwa. Jovia alimwendea.

"Yule mutu ya kwanza," Rashida akasema, "mwanzo wake haikusikika."

"Wataurudia jioni, mama. Nitamwambia Lawrence waurudie."

"Mwambie." Akajitanda kitenge chake vizuri, akaondoka kuelekea stendi. Hakuaga wala hakushukuru, na Jovia hakuona ni kwa nini angeshukuru.

Alimwambia Lawrence, akangoja mpaka akamsikia akiwapigia Arua. Kisha akaiwasha simu yake. Aliga alipokea kabla haijaita sawasawa.

"Ulikuwa wapi? Mwalimu mkuu amenipigia kama mara kumi!"

"Nimelipata tatizo, bosi. Halikuwa nguvu. Kulikuwa na mtambo mwingine, unawashwa alasiri tu ukumbi ukifunguliwa, ndiyo maana asubuhi..."

"Lakini sasa inafanya kazi?"

"Inafanya. Ila sikiliza, jambo lenyewe lilikuwa..."

"Sawa. Kesho uanze na shule." Akakata.

Jovia alisimama kando ya pikapu na simu mkononi, maneno yamemjaa mdomoni. Wiki tatu! Hakutaka sifa. Alitaka tu kumwambia mtu jinsi lile wimbi lilivyokuwa limelala juu ya jingine, jinsi lilivyojificha asubuhi, na kile kimya cha kifaa kinachosikiliza hewa. Mama yake angemuuliza kama amekula. Kule Arua fundi mwingine wa minara hakuwepo. Aliyekuwepo, kampuni yao ndiyo iliyomtoa.

Alikuwa ameupita mji na kuanza kukata mashamba ya tumbaku aliposimamisha gari pembeni, akampigia Taban.

"Nini tena?" Taban akauliza. Nyuma yake ukumbi ulikuwa unanguruma. Mtu alikuwa amefunga goli.

"Hakuna. Nimefikiria tu. Ile chaneli uliyojifungia, mvua ikinyesha itakusumbua. Lile dishi lako ni dogo."

"Nilikuwa nafikiria hivyo hivyo. Niligeuze, mawimbi yake yasimame wima, mvua isiyale sana?"

"Ligeuze. Lakini kaza lile bomba kwanza, linacheza. Nililiona."

"Uliliona ukiwa na hasira zile zote?"

"Niliona kila kitu," Jovia akasema, na akaiweka simu kwenye kipaza sauti, akaingiza gia. Waliendelea kuongea hivyo, wakipingana juu ya nyuzi na mabomba, mpaka mtandao wa simu ulipowakatia karibu na Arua, na wote wawili, kila mmoja peke yake, wakamlaani fundi wa mnara ule.